Mchunga Hutazamwa Kisogo

Igawa, kando ya barabara kuu, baada ya wauza mchele wa Ubaruku na kabla ya fundi wa matairi, kuna meza ya mbao yenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya. Hapo hukaa mama yangu mkubwa, Shufaa Matano, dada wa mama yangu, mwanamke wa miaka hamsini na sita. Mbele yake hupanga mafungu ya mchunga, ile mboga chungu ya porini, yaliyonyunyiziwa maji. Mchicha hauzi, matembele hauzi. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia mchicha haumhitaji mtu wa kuutetea.

Kabla hajakufungia fungu lako, atachomoa shina moja, alivunje mbele ya macho yako, na alishike juu mpaka litoe maziwa meupe pale lilipovunjika. Ndipo akufungie.

"Mama, mbona unaivunja mboga ninayoinunua?" dereva mmoja wa lori alimuuliza siku nikiwa nimekaa naye.

"Nakuonyesha kitambulisho chake."

"Mimi nimekuja sokoni, sikuja uhamiaji."

"Ndiyo maana unakula chochote," alimjibu, na dereva akacheka, akaongeza fungu la pili.

Nimesoma kilimo chuoni miaka mitatu. Nimekariri kwamba mchunga ni wa jamii ya alizeti, na kwamba jamii hiyo ina watoto wengi kuliko tunavyoweza kuwajua: pareto inayolimwa Mufindi, kishonanguo kinachong'ang'ania suruali zetu, na maua mengi ya njano yanayoota yenyewe kwenye matuta ya majaruba ya mpunga na kandokando ya mashamba ya chai. Mengine ni mboga. Mengine ni sumu. Kwa mtu anayepita njiani yote yanaitwa magugu, na neno hilo linanikera, kwa sababu mara nyingi wanaolitamka ni watu waliolelewa kwa mboga hizohizo na mama zao waliozichuma.

Mama mkubwa aliishia darasa la saba. Aliyemfundisha maua ni bibi yake, Mwanakhamisi, aliyepanda huku bara kutoka Pangani enzi za Mwingereza, akimfuata mume aliyeuza vitambaa. Mwanakhamisi alikuta mpunga, akakuta samaki wa mto, akakuta watu wakarimu. Mchunga hakukuta mtu anayeuza. Akaanza kuutafuta mwenyewe kwenye matuta ya majaruba. Mara moja tu alikosea. Nani alidhurika, hakuwahi kusimulia, lakini tangu siku hiyo alifunga vitumba vya maua kwenye pindo la kanga yake na kuvigeuzageuza jioni, mpaka akawajua ndugu za mchunga mmoja mmoja.

Alimfundisha mjukuu wake mambo mawili. La kwanza, vunja shina, ngoja maziwa. La pili, usilitazame ua usoni. Mchunga hufunua uso asubuhi, jua likipanda unafumba, kwa hiyo mchumaji aliyechelewa hakuti uso wa kutazama. "Uso ni wa nyuki," alisema. "Wewe ligeuze, tazama kisogo."

Kisogo ni kile kikombe cha kijani kinachoshika ua kwa nyuma. Cha mchunga kimepangwa vijani vidogo safu juu ya safu, kimoja kikilalia kingine. "Kama makuti ya paa," bibi alimwambia. Shufaa mtoto hakuwahi kuona paa la makuti, wala mpaka leo bahari ameiona kwenye kalenda tu. Bibi akamletea perege kutoka mtoni, akampitishia kidole kwenye magamba. "Basi kama hivi." Lakini ua lile jingine, lile la kuogopwa, kisogo chake kimesimama safu moja, vijani vimepangana bega kwa bega kama fito za uzio, na mara nyingi ncha zake ni nyeusi, kana kwamba zimechovywa kwenye masizi.

Hayo ndiyo masomo yote. Ameyatumia miaka arobaini na hakuna mlaji wake aliyewahi kuugua.

Mwaka jana mwezi wa nne, binti yake, dada yangu Naima, alijifungua mtoto wa kike huko Igowole, Mufindi, ambako mumewe Hamza ana duka la vifaa vya ujenzi. Mama mkubwa alifunga meza yake, akafunga na mzigo, akaenda kumlea mzazi kwa siku arobaini kama ilivyo desturi. Alibeba blanketi mbili, mafuta ya nazi ya kumkanda mtoto, na mfuko wa mchunga mkavu alioukausha mwenyewe, kwa kuwa katika ukoo wetu mzazi hupikiwa mchunga mara mbili kwa wiki.

Igowole ni baridi. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye vizingiti vya milango, na mtu wa Igawa, aliyezoea joto la mbugani, anaweza kukaa jikoni siku nzima bila kuona aibu. Naima alikuwa na mwaka mmoja pale. Hamza alikuwa dukani tangu alfajiri hadi magharibi, na ndugu zake wote wako Mbeya. Mtu pekee aliyemfungulia Naima mlango wake tangu siku ya kwanza alikuwa jirani wa nyuma ya uzio, Apolonia, mjane wa Kihehe anayefuga ng'ombe wa maziwa. Watu wanamwita mama Edmund. Ndiye aliyemshika Naima mkono uchungu ulipomwanza kabla ya wakati. Ndiye aliyemkimbilia Hamza dukani huku kavaa kiatu kimoja.

Mama mkubwa aliliona hilo siku ya kwanza na akaliweka moyoni. Siku arobaini zingeisha, yeye angerudi Igawa, na mwanawe angebaki kwenye baridi ile na mtoto mchanga na mtu mmoja wa kumwita. Mtu huyo alikuwa Apolonia. Kwa hiyo alimtunza kama mtu anavyotunza moto wa kuazima.

Wakapendana haraka. Kila asubuhi Apolonia alipita na chupa ya maziwa.

"Kamwene, mama Naima."

"Kamwene, mama Edmund. Mbona unatembea bila sweta?"

"Hili ni joto! Ninyi watu wa Pwani mkiona umande mnaandika wosia."

"Mimi wa Pwani? Pwani yangu ni Igawa, na mawimbi yake ni malori."

Wiki ya tatu mchunga wa mfuko ukakaribia kwisha. Apolonia akasikia, akauliza ni mboga gani hiyo, maana huku naye amekula mboga nyingi za porini lakini jina hilo halijui. Mama mkubwa alikuwa anamkanda mtoto. Bila kugeuka, akajibu: "Ina ua la njano, jani lina meno kama msumeno, na shina lina uwazi ndani."

Igawa maelezo hayo yanatosha. Kwenye yale matuta ya Ubaruku, ukimwambia mtoto maneno hayo atakuletea mchunga na si kitu kingine. Hakufikiri kwamba amepanda mlima na kuacha maua yake chini.

Jioni ile Apolonia alisimama ukingoni mwa uwanja na mmea mkononi, Naima akaupiga picha kwa simu, akanitumia mimi nikiwa Iringa mjini. *Kaka, huu ndio mchunga?* Nikatazama. Ua la njano, jani lenye meno. Nilikuwa kwenye foleni ya benki. Nikajibu ndani ya dakika moja: *Ndio huo*, na kidole gumba juu.

Siku ya thelathini ya uzazi, Apolonia akaleta kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa mboga kavu, imesagika vizuri, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Alikuwa ameichuma siku mbili kando ya mashamba ya chai na kuianika juu ya bati la banda.

"Hii nimekausha mwenyewe," alisema. "Mzazi ale mpaka maziwa yamwagike."

Mama mkubwa alipokea kwa mikono miwili. Kuna sharti moja ambalo hajawahi kulivunja mezani kwake: hanunui mchunga mkavu wa mkono wa mtu mwingine. Mboga ikikauka, maziwa ya shina yanakauka nayo. Jani linasagika. Kitambulisho kimepotea. Aliliweka kopo rafuni, akasema atapika kesho.

"Mama," Naima akanong'ona Apolonia alipoondoka, "kesho atauliza kama nimekula. Huyu ndiye ananitazama. Na kaka alisema ni wenyewe."

Kesho yake akapika. Aliloweka konzi mbili, akachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaweka karanga. Uchungu alioonja kwenye ncha ya mwiko ulikuwa uchungu wa kawaida, na hapo ndipo ilipo hatari ya mboga chungu: ulimi haukwambii lolote. Naima alikuwa ameketi mkekani, mtoto kifuani, akisubiri ugali ugeuzwe.

Mama mkubwa akachukua kopo alifunike. Akalitikisa, kama anavyotikisa kila kopo, ili unga ushuke. Vitumba vinne vikabaki juu, vigumu, vidogo kama punje za mtama. Maua yaliyokauka kabla hayajafunguka. Akavichukua akaenda navyo mlangoni kwenye mwanga, akavigeuza.

Fito za uzio, safu moja, ncha nyeusi.

Akarudi, akaondoa chungu jikoni bila kitambaa cha kushikia, akatoka nacho nje, akamwaga kila kitu kwenye shimo la taka. Viganja viliungua. Akasukumia majivu juu ili kuku wasile.

Ni wakati huohuo Apolonia alipotokea pembeni mwa uzio na chupa ya maziwa. Aliona chungu, akaona mboga yake imelala kwenye shimo.

"Mama Naima. Imeungua?"

Mama mkubwa aliniambia baadaye kwamba neno "ndiyo" lilishafika kwenye meno. Lilikuwa neno jepesi, na lingeyamaliza yote. Lakini Apolonia angeleta kopo jingine. Angeleta wiki ijayo, angeleta mwezi ujao yeye akiwa amesharudi Igawa, angeleta kwa upendo mwaka mzima, na Naima angepika.

"Haikuungua," alisema. "Mboga yako ni sumu."

Neno lilimtoka vibaya. Hakukuwa na njia ya kulirudisha.

Apolonia aliweka chupa chini polepole. "Mimi nimlishe mzazi sumu?"

"Sikusema umemlisha kwa..."

"Mtoto huyu nimempokea kwa mikono hii kabla wewe hujapanda basi! Na yule mtaalamu wenu wa chuo alisema ni yenyewe, Naima kanionyesha simu. Au naye ni mchawi?"

"Mama Edmund, nisikilize."

"Nirudishie kopo langu."

Mama mkubwa akaingia ndani, akalitoa kopo. Lakini alipofika mlangoni akasita. Mtu aliyekasirika huweza kwenda kupika kitu ili kuthibitisha. Akalimwaga lote shimoni mbele ya mwenyewe, akamkabidhi kopo tupu.

"Kopo chukua. Yaliyomo siwezi kukupa."

Apolonia alilitazama kopo, akamtazama yeye, akaondoka. Kitambaa cheupe kilibaki jikoni.

Siku mbili hakukuwa na maziwa. Sauti ya Apolonia ilisikika ng'ambo ya uzio ikiwafokea ng'ombe, na Naima alipomsalimia akajibiwa kama anavyojibiwa mtu wa njiani. Siku ya pili usiku mtoto alilia sana, na asubuhi Naima akasema, akiwa anafua nepi na mgongo umegeuka:

"Najua ulifanya haki, mama. Lakini wewe unaondoka. Mimi nitabaki naongea na ukuta."

Zilikuwa zimebaki siku saba.

Asubuhi ya siku ya tatu mama mkubwa alivaa sweta mbili na buti za Hamza, akatoka. Hakwenda kwa Apolonia kwanza. Alikwenda ukingoni mwa mashamba ya chai, mahali alipoonyeshwa kwamba Apolonia huchuma majani ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Akainama, akaanza kusoma mlima.

Alikuta maua ya njano ya aina tano. Matatu yalikuwa na jani la meno. Mawili yalikuwa na shina lenye uwazi ndani. Mchunga wenyewe ulikuwapo, mrefu na mnene kuliko wa Igawa, ila umechanganyika na yule mwenzake shina kwa shina, matawi yamepitana. Mtu anayechuma kwa konzi, kama tuchumavyo mboga zote, angekusanya wote wawili kwa mkono mmoja.

Alinipigia simu palepale. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu.

"Wewe, lile ua kwenye picha ulilitazamaje?"

"La njano, mama mkubwa. Na jani lina..."

"Nyuma uliliona?"

"Picha ilikuwa ya mbele."

"Haya. Na mimi nilimwambia habari za mbele. Tumemtuma mtu mzima msituni na uso wa ua, halafu tukamwita muuaji."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na ningefurahi kama angenigombeza. Kwenye kitabu changu cha chuo ua lile limo. Linaitwa senesio, na imeandikwa kwamba sumu yake haiui kwa siku moja. Hula ini polepole, hupita hata kwenye maziwa ya mama, na mtu huja kuanguka wakati kila mtu ameshasahau alikula nini. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Kisha nikaletewa ua lenyewe, na mzazi, na mtoto mchanga, nikatuma kidole gumba. Tangu hapo siwezi kukaa kimya kwenye semina mtu anaposema wanawake wa sokoni waelimishwe. Wakae mbele wao. Sisi tukae chini na daftari.

Alifika kwa Apolonia na furushi la kanga. Apolonia alikuwa anafagia uwanja.

"Hodi hapa."

Ufagio uliendelea.

"Mama Edmund, nimekuja kuomba radhi."

"Sumu haiombi radhi."

"Inaomba. Imepanda kilima kwa buti za mkwe wake, saizi kumi na moja, imeanguka mara mbili."

Apolonia akatazama buti. Mdomo wake ulitikisika, akaudhibiti. Akaendelea kufagia, lakini mahali palepale.

"Kosa ni langu," mama mkubwa alisema. "Nilikueleza vibaya. Kwetu ua la njano lenye meno ni moja. Hapa kwenu nimehesabu matatu. Nilikupa maelezo ya Igawa, nikakulaumu kwa maua ya Igowole. Kama ni mtu wa kumwagwa shimoni siku ile, nilikuwa mimi."

Akafungua furushi juu ya jiwe la kunolea panga. Akapanga mashina mawili pembeni.

"Vunja hili."

Apolonia aliegemeza ufagio. Akavunja. Maziwa meupe yakatoka, yakamwingia kwenye mistari ya vidole.

"Na hili."

Akavunja. Maji tu, mepesi, yasiyo na rangi. Akavunja chini zaidi, akavunja na tawi. Hakukuwa na tone jeupe.

"Sasa geuza."

Wakageuza vitumba kimoja baada ya kingine, vichwa vyao viwili vimeinamia jiwe. Mama mkubwa akasema magamba ya samaki, Apolonia akasema hapana, ni kama nyasi za kuezekea, tabaka juu ya tabaka. Wakakubaliana. Kuhusu uzio wa fito hawakuhitaji kubishana. Apolonia alikuwa amezungukwa nao.

"Nilichuma yote mawili," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hili na hili. Nilijua ni mtu na mdogo wake." Kisha akainua uso, na ubishi ukamrudia. "Lakini sikia. Hili lisilo na maziwa nalifahamu mimi. Ng'ombe hawali. Wakiwa malishoni wanalipita kama halipo."

"Likiwa bichi?"

"Likiwa bichi."

"Na likiwa kavu?"

Apolonia aligeuka, akalitazama banda.

Ng'ombe wake wa kwanza aliitwa Tunu. Alimnunua mwaka mumewe alipofariki, na ndiye aliyemsomesha Edmund. Miaka miwili iliyopita, mwisho wa kiangazi, Tunu alikonda huku tumbo likijaa, akaanza kuzunguka bandani, akawa anasukuma ukuta kwa kipaji cha uso siku nzima kana kwamba anataka kupita. Alikufa wiki hiyo. Bwana mifugo alisema minyoo. Apolonia alijilaumu kwa kuchelewesha dawa, na lawama hiyo alikuwa nayo mpaka asubuhi ile.

Alikwenda bandani. Juu ya dari ya fito kulikuwa na majani makavu ya msimu uliopita, aliyoyafyeka ukingoni mwa chai na kuyaweka kwa ajili ya kiangazi. Akavuta konzi, akaipekua. Akavuta nyingine. Vidole vyake vilikuwa vimeshajifunza. Kwenye konzi ya tatu akapata kitumba kikavu, akakitoa nje kwenye mwanga, akakigeuza.

Akaketi juu ya jiwe, palepale juu ya maua.

"Nilimlisha kwa mkono wangu," alisema. "Alikuwa anakuja akinisikia."

Mama mkubwa aliketi karibu naye. Alimshika mkono uliokuwa na maziwa ya mchunga, yaliyokwisha kukauka na kuwa kahawia. Baada ya muda Apolonia alijifuta uso kwa upande wa kiganja.

"Nisaidie kuyashusha haya yote," alisema akionyesha dari. "Wale wawili waliobaki wasije wakayala."

Wakafanya kazi mpaka saa sita. Hamza alipokuja kutafuta buti zake aliwakuta wote wawili wamejaa vumbi la majani, wanachoma lundo, na Apolonia anamweleza mama mkubwa namna mtu wa Pwani asivyojua kushika uma wa majani.

Siku ya arobaini mtoto alinyolewa, akaitwa Mwanakhamisi. Apolonia alimshika wakati wembe unapita, akimwambia kwa Kihehe maneno ambayo sisi wengine hatukuyaelewa. Kesho yake mama mkubwa akarudi kwenye meza yake yenye mguu wa waya.

Mwezi wa saba alimtumia Naima mfuko wa mchunga mkavu kutoka Igawa. Niliufikisha mimi mwenyewe. Naima alipoufungua jikoni, Apolonia alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Akanyoosha mkono.

"Lete hapa kwanza."

"Mama Edmund, huu umetoka kwa mama!"

"Nimesikia. Lete ungo."

Akanipa mimi mtoto. Akaumwaga mfuko mzima kwenye ungo, akasogea mlangoni kwenye mwanga, akaanza kupekua, akitafuta vitumba, akivigeuza kimoja kimoja. Naima akampigia mama yake, akaiweka simu kwa sauti kubwa juu ya ndoo.

"Mama, rafiki yako anakagua mboga yako."

Kwenye simu nilisikia lori linapita Igawa, na nyuma yake mtu anatangaza bei ya mchele.

"Anatazama wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Kisogo," Apolonia alijibu bila kuinua kichwa. "Na usinisemeshe, nimefika katikati."

"Haya, siongei. Lakini simu msikate."

Hatukuikata. Tulimsikia kule Igawa anavunja shina, anamwambia mteja asubiri. Apolonia alimaliza ungo, akauinua, akaurudisha mchunga mfukoni kwa viganja viwili.

"Umepita," alisema. "Naima, weka maji jikoni."